Paka wa kwenda Manchester: chanjo Mei, chipu Juni. Tarehe hizi zitakubalika?

Mama Kabwe (Lubumbashi, Bel-Air)

Jambo kwenu wote. Swali kwa wanaojua karatasi za wanyama.

Paka jike, mwaka 1 na miezi 2, amefungwa kizazi. Anatakiwa kuruka na mdogo wangu kutoka uwanja wa ndege wa Luano katikati ya Novemba, kwenda kukaa Manchester moja kwa moja. Mpaka leo, 18 Agosti, yamefanyika haya:

12 Mei: chanjo ya kichaa cha mbwa. Stika ya chupa imebandikwa kwenye kitabu.
3 Juni: chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, wengi hapa wanaita puce, imewekwa shingoni. Stika ya namba iko ukurasa wa kwanza.
Damu ya kupima kingamwili za kichaa cha mbwa bado haijachukuliwa.

Kwanza, chanjo ya Mei inatosha au irudiwe? Pili, wiki jana paka alipitishiwa mashine ya kusomea kwenye kliniki nyingine na haikuonyesha kitu. Chipu imekufa, imetoka, au mashine ndiyo mbovu? Tatu, tunasikia Uingereza siku hizi paka asiye na chipu ni faini. Sheria hiyo inamshika na paka anayetoka Kongo, au ni ya paka wa huko tu?

Aksanti.

Veto wa Ruashi

Mama Kabwe, jambo. Nianze na lile litakalouma: chanjo ya 12 Mei haihesabiki. Paka anayeingia Uingereza, au nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, lazima chipu iwe imewekwa kabla ya chanjo au siku ileile, na namba isomwe kwanza ndipo sindano ya chanjo iingie. Sababu si ya kitabibu. Chanjo ya Mei iliandikwa kwa paka asiye na namba, kwa hiyo afisa wa mpakani hana njia ya kujua kama paka yule ndiye huyu aliye kwenye kibanda mbele yake. Kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza baada ya chanjo, hazijui tarehe ya chipu. Karatasi ndiyo inayojua.

Rudieni chanjo. Ile ya Mei haikupotea bure: mwili umeshaizoea, na sindano hii ya pili kwa kawaida hupandisha kingamwili vizuri, jambo litakalowasaidia kwenye kipimo cha damu. Kwenye karatasi tu ndiyo itaitwa ya kwanza.

Sasa hesabu. Tuseme mnasoma chipu na kuchanja 20 Agosti. Damu isichukuliwe kabla siku 30 hazijapita, kwa hiyo 19 Septemba ndiyo mapema kabisa. Ningeichukua 22 Septemba, mtu asije akabishana kama siku ya chanjo ni sifuri au ni ya kwanza. Kuanzia siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipofika, hesabuni miezi 3 kamili: 22 Desemba. Novemba haiwezekani, hata mkimjua nani.

Miezi hiyo 3 inatokana na Kongo kutokuwa kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha damu. Zambia nayo haimo, kwa hiyo kuvuka Kasumbalesa mkarukie Lusaka hakupunguzi hata siku moja. Nasema mapema kwa sababu kuna atakayewashauri hivyo.

Kuhusu damu yenyewe, hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Ml 3 zinatosha kutoa ml 1 hivi ya seramu, yaani majimaji yanayobaki juu damu ikishaganda. Kwa paka tumieni mshipa wa shingo, sindano ya 22 G au 23 G (G ni kipimo cha unene, namba ikiwa ndogo sindano ni nene). Ule wa mguu wa mbele unajifunga haraka na mnaishia kunyonya matone. Tube iwe kavu, isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, yenye kifuniko chekundu. Iachwe isimame dakika 30 mpaka 60, izungushwe kwenye santrifuji dakika 10, halafu seramu ya juu ihamishiwe kwenye kichupa cha plastiki kinachofungwa kwa kuzungusha, na ikae kwenye baridi mpaka isafiri. Kosa la kila siku ni kupakia damu nzima kwenye gari na kuipitisha kwenye mashimo ili wakaizungushe mjini. Chembe zinapasuka, seramu inafika nyekundu kama maji ya ngai-ngai, na maabara inaweza kuikataa. Seramu nzuri ina rangi ya majani makavu.

Juu ya kichupa iandikwe namba ya chipu, tarakimu zote 15, pamoja na tarehe ya kutoa damu. Kwenye fomu vilevile. Tarakimu moja ikikosewa, mmelipia kipimo cha paka wa mtu mwingine.

Maabara iwe miongoni mwa zilizoidhinishwa: ANSES ya Nancy, Ufaransa, au Onderstepoort, Afrika Kusini, kwa mfano. Jibu linalotakiwa ni kingamwili 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita au zaidi. Akishapita, kipimo hakirudiwi maisha yake yote, mradi chanjo zinazofuata zichomwe kabla ile ya nyuma haijaisha muda. Ikichelewa siku moja, mnaanza upya: chanjo, siku 30, damu, miezi 3.

Jambo la mwisho, muulize anayechanja frigo yake inashindaje umeme ukikatika. Chanjo ya kichaa cha mbwa inataka nyuzi 2 mpaka 8. Watu wanaogopa joto tu, kumbe barafu nayo inaiua: ikiganda mara moja, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, haina kazi tena. Chupa iliyolala imegusana na barafu kwenye kisanduku cha baridi bila kitambaa katikati ni ya kukataa. Na wasichome chanjo pale ilipo chipu. Mguu wa nyuma wa kulia, chini ya goti, ndipo mahali pake kwa paka.

Kalala wa Katuba

Mnajitesa bure. Sheria yao inasema paka awe na chipu kabla ya kufikisha wiki 20, na asiye nayo anapewa siku 21 za kumpeleka. Basi afike kwanza, ashughulikiwe kwa munganga, daktari, wa huko. Siku 21 ni nyingi.

Mtoto wa Lushi, Leeds

Yaya Kalala, kwa heshima, umechanganya milango miwili.

Mlango wa kwanza ni mpaka. Hapo paka wa Kongo bila chipu, chanjo, damu na cheti cha afya hapewi siku 21 wala siku 1. Anawekwa karantini, inaweza kufika miezi 4, na gharama ni za mwenye paka. Sharti hili la mpakani ni la zamani kuliko hiyo sheria mnayoizungumzia.

Mlango wa pili ni nyumbani. Sheria ya 2023, iliyoanza kutumika 10 Juni 2024, inasema paka wa kufugwa awe na chipu kabla ya kufikisha wiki 20, na taarifa zake ziwe kwenye hifadhidata inayokubaliwa. Anayekutwa hajafanya hupewa notisi ya siku 21. Akipuuza, faini ni mpaka pauni 500. Na ni England peke yake. Kwa Kiswahili tunasema Uingereza tukimaanisha Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini pia, lakini sheria hii haikuvuka kwenda huko. Manchester iko England, kwa hiyo mdogo wake Mama Kabwe imemhusu. Mbwa waliwekewa sharti kama hilo tangu 2016.

Mahali wageni wanapoangukia ni kuandikisha. Paka anafika na chipu nzuri, mashine inasoma, mwenye paka anatulia, kumbe namba haijaandikwa popote. Kwa sheria ya hapa, chipu isiyoandikishwa ni sawa na kutokuwa nayo. Hakuna daftari moja la serikali. Kuna hifadhidata nyingi za kampuni, zaidi ya 20, na orodha ya zile zinazokubalika iko kwenye tovuti ya serikali. Chagueni moja inayopokea namba za nje. Wataomba namba ya chipu, jina na anwani ya mfugaji, simu, jina la paka, jinsia, rangi, tarehe ya kuzaliwa hata kama ni ya kukisia, na kama amefungwa kizazi. Simu iwe ya huku. Namba ya Kongo, +243, ambayo mtu ataizima akifika haitamsaidia atakayemwokota paka barabarani. Wakihama nyumba, wabadilishe anwani hukohuko kwenye hifadhidata. Wengi hukumbuka benki, paka wanamsahau.

Na jihadharini na tovuti zenye jina la kufanana na hifadhidata lakini hazimo kwenye orodha. Zinachukua pesa, zinatuma cheti kizuri chenye rangi, na mbele ya sheria ni karatasi ya kufungia karanga.

Fundi wa Mashine, Kamalondo

Najibu lile la mashine kutosoma, maana hamjaligusa.

Chipu haina betri. Ni koili ndogo na saketi ndani ya kioo, urefu mm 12 na unene mm 2 hivi, au ile ndogo ya mm 8 kwa mm 1.4. Mashine inatuma mawimbi, koili inapata nguvu ya sekunde moja, inarudisha namba, basi. Kwa hiyo chipu "kufa" ni nadra. Kabla ya kuilaumu fuata hivi:

Pigeni mashine kwenye chipu nyingine mnayojua inafanya kazi, hata mpya ndani ya pakiti yake. Ikisoma hiyo, mashine ni nzima. Betri ikiwa chini, taa inawaka na skrini inaandika kama kawaida, ila umbali wa kusoma unashuka kutoka sentimita 10 au zaidi mpaka 2 au 3. Mahali umeme unaruka kila siku ndiyo sababu namba moja, wala haionekani kwa macho.

Mwondoeni paka juu ya meza ya chuma na ndani ya kibanda cha waya. Ukosi wenye bizimu utolewe. Kompyuta, chaja na taa za neon zikae mbali kidogo.

Halafu masafa. Chipu ya kiwango cha ISO 11784 na 11785 inafanya kazi kwa kHz 134.2 na ina tarakimu 15. Za zamani, hasa kutoka Marekani, ni kHz 125 zenye tarakimu 9 au 10. Mashine ya bei ya chini inasoma aina moja tu. Paka wenu aliwekewa Juni, sioni kwa nini iwe ya zamani, lakini hesabuni tarakimu kwenye stika.

Kusoma kwenyewe: mashine iguse manyoya, iende taratibu kama unapiga pasi kitambaa chembamba kinachoogopa moto. Anzieni kati ya mabega, mchore herufi S mpaka kiunoni, kisha ubavu wa kushoto wa shingo, bega, mguu wa mbele mpaka kiwiko, kifua, halafu upande wa kulia. Rudieni mkiwa mmegeuza mashine robo duara, kwa sababu chipu iliyolala vibaya kwa antena haipokei nguvu ya kutosha. Wengi wanapitisha mara moja mgongoni, sekunde tatu, wanaandika "hakuna". Wabelgiji na Wafaransa huweka upande wa kushoto wa shingo, Waingereza kati ya mabega, na chipu nyingine hutembea chini ya ngozi wiki za kwanza kabla nyama haijaishika.

Mkimaliza mwili mzima mara mbili na hakuna kitu, basi ilitoka. Inatokea kwa njia mbili. Ya kwanza, sindano iliingia ikatokea upande wa pili wa ngozi iliyovutwa, chipu ikabaki kwenye manyoya. Ngozi ya paka ni nyembamba na sindano ni nene, 12 G kwa chipu ya kawaida. Ya pili, sindano ilichomolewa na tundu halikubanwa, chipu ikarudi ilikopita. Dawa yake ni kidole: bana tundu nusu dakika mpaka dakika moja, kisha soma papo hapo paka akiwa bado mezani. Anayeweka chipu anatakiwa kusoma mara tatu: paka kabla, kuona kama ana nyingine; chipu ndani ya pakiti, kulinganisha na stika; na paka baada.

Mama Kabwe (Lubumbashi, Bel-Air)

Aksanti kwenu wote. Imepatikana! Iko chini ya bega la kushoto, karibu na kiwiko, inasoma kila mara. Inaanza na 981. Lakini limezuka jingine: namba kwenye skrini na namba ya stika kwenye kitabu zinafanana isipokuwa tarakimu ya mwisho. Kwenye kitabu inaishia na 47, kwenye paka 48.

Na kuhusu safari, tiketi ya mdogo wangu ya Novemba haibadiliki. Je, yeye atangulie, paka apelekwe Desemba na mtu mwingine?

Veto wa Ruashi

Stika zimebadilishana. Chipu zinatoka kiwandani zimefuatana namba, asubuhi hiyo paka wawili waliwekewa, na stika ya mmoja ikaenda kwenye kitabu cha mwenzake. Kuna kitabu kingine hapa mjini chenye namba ya paka wenu. Waambieni kliniki wamtafute, kabla huyo naye hajapeleka damu.

Msikwangue stika wala msifute kwa kalamu. Ukurasa uliochorwachorwa ndio afisa anaoutilia shaka kwanza. Chukueni kitabu kipya. Daktari asome chipu, aandike namba, tarehe ya kusoma na mahali ilipo kwa maneno, "bega la kushoto karibu na kiwiko", asaini na kupiga muhuri. Kisha achanje siku hiyohiyo, stika ya chanjo iende humo. Kwa kuwa chanjo ilikuwa irudiwe hata hivyo, kosa hili halijawagharimu siku yoyote. Lingegundulika baada ya damu, mngekuwa mnalia.

981 si nchi. Tarakimu tatu za mwanzo zikiwa 900 mpaka 998 ni msimbo wa kiwanda, na 981 ni Datamars. Msimbo wa Kongo ni 180, wa Ufaransa 250. Mkiona 999 kataeni, hizo ni za majaribio.

Kuhusu safari: paka anahesabika kuwa wa mwenye mali ikiwa anasafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mwenyewe. Mdogo wako akiruka Novemba na paka Desemba, paka anaingia kwa kanuni za biashara, ambazo ni mzigo mwingine kabisa. Njia iliyo nyepesi ni paka abaki hapa, mdogo wako akija likizo arudi naye. Au wewe uandikwe kuwa mwenye paka tangu kitabu hiki kipya, na usafiri naye mwenyewe. Angalieni pia ndege: kampuni nyingi zinamkubali paka anayeingia Uingereza kama mzigo tu, si kwenye kabini, na kwa njia zilizoidhinishwa peke yake. Cheti cha afya kisainiwe na daktari wa serikali, na paka awe amefika ndani ya siku 10 tangu kitolewe. Kwa hiyo msikikimbilie. Ndicho karatasi ya mwisho.

Kalala wa Katuba

Nimeelewa, yaishe. Ila niulize: kwa nini na hapa Lubumbashi isiwe lazima? Paka wanapotea kila siku.

Veto wa Ruashi

Kwa sababu chipu ni namba tu. England wana mashine kila kliniki na mahali pa kuiuliza namba ni ya nani. Hapa ukimwokota paka kwenye mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo, utampeleka wapi asomwe, na namba ukiipata utampigia nani? Mkilazimisha leo, watu watalipa na paka watapotea vilevile. Makuta hayo ningeyaweka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa kwanza, na kitabu kilichojazwa sawasawa. Chipu iwe kwa wanaosafiri, na kwa anayetaka. Kitivo cha mifugo kiko hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Daftari likianzishwa, lianze mahali kama pale, na mashine ziwe zimeshagawiwa.

Fundi wa Mashine, Kamalondo

Nakubali, na hata England hawakulazimisha wote. Paka wa shambani na wa mtaani wasioshikwa na mtu wamesamehewa. Kwa hao wa sokoni, alama inayofaa ni sikio: wakati wa kumfunga kizazi, akiwa bado amelala kwa dawa, inakatwa ncha ya sikio la kushoto, sentimita 1 hivi kwa paka mkubwa, ikiwa imenyooka ili isifanane na jeraha la kupigana. Unaiona kutoka mbali bila mashine, na hakuna atakayemkamata kumpasua mara ya pili.

Mama Kabwe, piga picha ya skrini ya mashine ikionyesha namba, paka akiwemo kwenye picha. Uitume kwa mdogo wako leo.